Riwaya tano za kuicheka dini: ipi umpe nani

Mjomba wangu ni mzee wa kanisa. Jumapili ndiye anayepitisha kapu la sadaka safu za kushoto, na sura yake wakati ule ni ya mtu anayehesabu bila kusogeza midomo. Miaka michache iliyopita aliniomba kitu nisichokitegemea. "Nitafutie kitabu kinachoicheka dini," alisema, "ila kiwe cha mtu aliyeingia ndani akaona, si cha mpita njia anayerusha mawe." Nikampelekea kimoja. Baada ya wiki mbili akakirudisha kimefungwa kwenye gazeti, hakutoa maoni, akauliza kama kuna kingine. Tangu hapo nimekuwa mkutubi wa siri wa ukoo. Shangazi anataka kitabu kisichomkosesha usingizi, binamu aliyeacha kwenda kanisani anataka cha kumpa hoja, na jirani yangu Mwislamu anataka tu kucheka.

Riwaya ninazozungusha ni tano. Kwa kufuata mwaka zilipotoka ni Wise Blood ya Flannery O'Connor (1952), Le Pauvre Christ de Bomba ya Mongo Beti (1956), Cat's Cradle ya Kurt Vonnegut (1963), Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o (kwa Kigĩkũyũ 1980, kwa Kiswahili 1982) na Small Gods ya Terry Pratchett (1992). Zote zinachekesha na zote zina maiti.

Wapo wanaoniambia kwamba kuchekea mambo mazito namna hii ni tabia ya kuiga. Hao hawajahudhuria msiba wenye watani. Watu wanalia, mtani anaingia, anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anadai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Mwingine huingia kaburini akalala humo mpaka apewe chochote ndipo maziko yaendelee. Wafiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna anayekasirika, maana mtani ana haki yake. Angefanya hivyo mtu baki, angetolewa kwa fimbo. Basi hicho ndicho kipimo changu kwa vitabu hivi: mwandishi ni mtani wa dini, au ni mtu baki? Na anamcheka nani hasa: Mungu, mwenye kanzu, au yule aliyepiga magoti?

Jirani yangu aliwahi kuniuliza, na ni swali la haki, mbona wanaochekwa karibu wote ni Wakristo. Nilimjibu kwamba waandishi hawa waliandika wakiwa katikati ya jamii za Kikristo, na utani una mipaka ya ukoo. Upande wa pili tunaye Abunuwasi, ambaye amewavua vilemba wakubwa wengi kabla sisi hatujazaliwa. Akacheka, akachukua cha kobe. Nitakifikia.

Misheni ya Bomba

Naanza na Mongo Beti kwa sababu ndiye aliyenikuta nyumbani. Jina lake la kuzaliwa ni Alexandre Biyidi, mtu wa Kameruni, na utotoni alifukuzwa shule ya misheni ya Mbalmayo kwa ukaidi. Riwaya hii ilipotoka alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, yuko Ufaransa. Ni mtani mwenye kinyongo, tuseme.

Hadithi ni shajara ya Denis, mvulana anayemtumikia Padre Drumont altareni na mezani. Drumont amekaa Kameruni miaka 20. Watu wa nchi ya Tala wamemuudhi kwa kuipokea dini kwa mguu mmoja, akawasusia. Kwa muda mrefu hakukanyaga kwao, akitumaini watamlilia. Sasa anafunga safari kwenda kuona adhabu ilivyowaingia. Haikuwaingia. Makanisa ya vijijini yameinama kama vibanda vya wauza ndizi msimu ukiisha, makatekista wamechoka, na watu wa Tala wana hela za kakao na wamenawiri.

Kicheko chote kimesimama juu ya jambo moja: Denis haelewi anachokiandika. Machoni pake padre na Yesu wamekaribiana mno, kwa hiyo kila fedheha anaiandika kama mateso ya mtakatifu. Padre anamburuta mganga Sanga Boto mbele ya watu ili akiri uongo wake. Baadaye mtumbwi unapinduka, padre anaangukia mtoni, na vijiji vyote vinajua hiyo ni kazi ya nani. Denis anaandika kwa uchungu. Wewe uliye juu ya bega lake unashindwa kujizuia.

Halafu kuna Zacharie, mpishi. Wasafiri hawa watatu wangekuwa kwenye daladala, Zacharie ndiye angekuwa konda. Padre anajiuliza kwa huzuni kwa nini watu walioikimbilia dini mwanzoni sasa wanaikimbia, na ni mpishi anayemjibu: walikuja wakidhani mtawapa siri ya nguvu zenu, ya ndege na reli. Mkawapa habari za Mungu na roho na uzima wa milele, kana kwamba hawakuwa na habari hizo kabla hamjafika. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado sijapata padre wa kuijibu vizuri.

Ila msichukulie kwamba ni kitabu chepesi. Kuna mahali padre anavamia ngoma, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, anavunja marimba na ngoma zao mbele ya macho yao. Pale nilifunga kitabu nikatoka nje. Bibi yangu alikuwa na ngoma moja darini ambayo haikushushwa mpaka alipokufa, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Na mwishoni kuna sixa, nyumba ya misheni ambamo wasichana wanaotaka ndoa ya kanisa wanawekwa miezi kadhaa, eti kwa mafundisho, wakilimishwa na kubebeshwa mizigo. Kilichokuwa kikifanyika humo usiku kinajulikana kwa kila mtu isipokuwa padre na Denis. Wanawake wanahojiwa mmoja mmoja kwa viboko, daktari anakuta kaswende, na kicheko kinakatika kama taa za Tanesco. Hapo ndipo unapojua Beti alikuwa akikuchezea tangu ukurasa wa kwanza. Alikufanya ucheke ili uwepo pale mlango ulipofunguliwa.

Kasoro ninayoiona ni kwamba wanawake hao, ambao ndio waliolipa kwa yote, wanasikika zaidi wakiwa chini ya fimbo. Vinginevyo sauti za kitabu ni za wanaume: padre, mpishi, mvulana, na Vidal, bwana shauri Mfaransa anayetaka kujenga barabara kwa kazi ya shuruti, ambaye anamwambia padre waziwazi kwamba watu wakichapwa huku watakimbilia kanisani kule. Ni utani? Vidal hatanii hata kidogo.

Karamu ya Ilmorog

Ukimweka Ngũgĩ ubavuni mwa Beti, unaona watu wawili waliosomeshwa na misheni wakitoka kwa milango tofauti. Beti anauliza dini ilikuja kufanya nini. Ngũgĩ anakuta imeshakuja, imeshajenga, na matajiri wameshakalia viti vya mbele. Yeye anachukua Biblia yao anawachapia.

Mwaka 1970, akiwa bado anaitwa James Ngugi, alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Akaanza kwa kusema yeye si mtu wa kanisa, hata Ukristo wenyewe hana. Alipomaliza, mzee mmoja aliruka kwa hasira, akamnyooshea bakora, akamtaka atubu, kisha akammalizia: hata ukikana, wewe ni Mkristo, maana unaitwa James. Jina halikudumu baada ya hapo. Mimi naona mzee yule na bakora yake ndio kurasa za kwanza za Shetani Msalabani, ingawa kitabu kiliandikwa baadaye sana, mwaka 1978, katika gereza la Kamĩtĩ, juu ya karatasi za chooni.

Warĩĩnga, msichana aliyefukuzwa kazi na kufukuzwa nyumba, anapanda matatu kwenda Ilmorog, na huko pangoni kuna mashindano ya wezi na wanyang'anyi wa kisasa. Mshindi ni atakayethibitisha kwamba ameiba kwa akili zaidi. Mashindano yanafunguliwa kwa mfano wa talanta, ule wa Injili, uliogeuzwa kidogo tu. Na ukiusikiliza vizuri unaanza kujiuliza kama uligeuzwa kweli. Mmoja anapendekeza kuuza udongo kwenye vyungu na hewa kwenye mikebe. Mwingine anataka matajiri wawe na viungo vya akiba: midomo miwili, matumbo mawili, na kadhalika, nisikumalizie. Na ile ndoto ya Warĩĩnga, Shetani anasulubiwa na maskini, kisha siku ya tatu wanakuja watu wa suti na tai wanamshusha msalabani! Sijaona picha ya kanisa la watu wenye nazo iliyo fupi kuliko hiyo.

Ngũgĩ mwenyewe aliwahi kueleza jinsi kitabu kilivyosomwa kwa sauti katika baa: msomaji anafika patamu, anakuta glasi yake tupu, anakiweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamjazie. Ndivyo kinavyopaswa kusomwa. Ukikisoma peke yako kimya, hotuba za wale wezi zinakuwa ndefu kama maombi ya mkesha. Ukikisoma kwa sauti, wawili watatu mkipokezana, ni karamu.

Kwa kipimo changu cha utani, huyu haichezei imani ya maskini hata mara moja. Anayetafuta kitabu cha kumcheka Mungu hatakipata hapa. Mungu hayupo kwenye orodha ya walioalikwa pangoni.

Kisiwa na kobe

Hizi mbili ndizo watu huzichanganya, kwa sababu zote zinabuni dini kutoka mwanzo. Tofauti yao ni kubwa kuliko zinavyofanana, na kwa kweli hapa ndipo uchaguzi ulipo mgumu.

Vonnegut alikuwa Mmarekani wa ukoo usio na dini, askari aliyekuwa mateka Dresden mji ulipoteketezwa kwa mabomu Februari 1945. Cat's Cradle inaanza na mwandishi anayekusanya habari za watu walivyoshinda siku Hiroshima ilipopigwa, anajitambulisha kwa jina la Yona, na anaishia kwenye kisiwa cha kubuni cha Karibi, San Lorenzo. Kisiwa ni maskini kupita kiasi. Zamani walitua wanaume wawili, Bokonon na mwanajeshi mtoro aitwaye McCabe, wakaamua kukitengeneza kiwe nchi ya heri. Wakapiga hesabu ya kugawa mali yote ya kisiwa sawasawa: kila mtu angepata dola sita au saba. Kwa kuwa ukweli haukuwa na kitu cha kuwapa watu, Bokonon akawatungia uongo mzuri. Dini yake inatangaza yenyewe katika sentensi ya mwanzo ya vitabu vyake kwamba ni uongo. Uongo usiodhuru una jina lake, foma, na ibada yake kuu ni watu wawili kukaa chini na kugusanisha nyayo.

Halafu, na hapa ndipo Vonnegut alipokuwa fundi, Bokonon akaomba dini yake ipigwe marufuku ili iwe na ladha. Adhabu ya kuifuata ni kutundikwa kwenye kulabu. Kisiwa kizima kinaifuata kwa siri, mtawala akiwemo. McCabe anacheza dhalimu mjini, Bokonon anacheza mtakatifu msituni, na kila mmoja anaugua polepole kwa uzito wa sura aliyoivaa.

Kitabu kina sura 127, nyingine hazizidi ukurasa mmoja. Unakimaliza kwa usiku mbili, kama korosho. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuja kumpa shahada ya anthropolojia kwa kitabu hiki mwaka 1971, jambo ambalo Bokonon angelipenda.

Lakini kuna onyo. Binamu yangu alikisoma mwaka 2022 akafurahi mno; dini ni uongo mtamu, basi, hoja imekwisha. Aprili 2023 zikaanza kufukuliwa maiti katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, watu waliofunga kula kwa kuambiwa watamwona Yesu. Idadi ilipita 400, watoto wakiwemo. Binamu alirudi kwangu na kitabu mkononi, kimefunguliwa karibu na mwisho, pale umati wa San Lorenzo unapopewa ushauri na nabii wake. Sitaki kukueleza ushauri gani. Nilikuwa nimesahau kwamba Vonnegut alikwishaandika hilo. Foma isiyodhuru ilikuwa na kifuniko, na kifuniko kikatoka. Hakumtetea nabii wake wala hakumhukumu. Alimwacha amekaa juu ya jiwe, miguu mitupu, akiwaza neno la mwisho. Huyo si mtani wala si adui. Ni mtu baki aliyekuja msibani kwa heshima na kukaa nyuma.

Pratchett naye alikuwa Mwingereza asiye na dini, na ungetegemea awe mkali zaidi. Ni kinyume. Katika Small Gods nguvu ya mungu inategemea idadi ya wanaomwamini. Mungu mkuu Om anaamua kushuka duniani kwa kishindo, kama fahali hivi, na anajikuta ni kobe mdogo mwenye jicho moja na hasira nyingi. Miaka mitatu amekuwa kobe. Dola yake, Omnia, ina makuhani, majeshi, magereza na maelfu kwa maelfu ya waumini. Na katika watu wote hao, anayemwamini kweli ni mmoja, Brutha, novisi mnene asiyejua kusoma, mlima matikiti wa bustanini. Wengine wote wanaliamini kanisa. Wanamwamini Vorbis, mkuu wa idara ya kuhoji na kutesa. Waliwahi kuwa na mungu, wakajenga kuta kumzunguka, na siku moja mle ndani hakukuwa na mtu.

Nimetafuta namna bora ya kulieleza tatizo hilo kwa watu wa dini nimeshindwa. Mjomba alilielewa papo hapo.

Vichekesho vyake ni vya aina ambayo inakupata baadaye ukiwa unasubiri basi. Kanisa la Omnia linafundisha kwamba dunia ni duara kama mpira, na wazushi wanateswa kwa kusema ni bapa na inabebwa na kasa mkubwa anayeogelea angani. Na katika dunia ile wazushi ndio wenye haki. Kobe ambaye ni Mungu anatembea chini akiwatukana watu wanaopita, na hakuna anayesikia ila Brutha. Kisha, bila kubadilisha sauti, Pratchett anakupeleka kwenye vyumba vya mateso, anakuonyesha kwamba watesaji wana vikombe vyao vya chai, na kwenye kikombe kimoja pameandikwa maneno ya kumsifu baba bora duniani. Hakuna pepo wala pembe. Watu wa kazini tu, wana watoto nyumbani, wanasubiri saa kumi na nusu. Mahali pengine Vorbis anampindua kobe chali juani, anaegemeza vijiwe pembeni asiweze kujigeuza, na anakaa kumtazama. Hiyo peke yake inatosha kukueleza mtu.

Sasa ukiziweka bega kwa bega: Vonnegut anasema uongo unaweza kuwa na huruma kuliko ukweli, halafu anakuonyesha bili. Pratchett anasema ukweli upo, ni mdogo, una gamba, na utaupata ukiinama. Vonnegut anakuacha na ubaridi. Pratchett anampa Brutha nafasi ya kumbishia Mungu wake uso kwa uso, kumwambia kwamba sheria zake ni mbovu, na Mungu anasikiliza kwa sababu hana mwingine. Ni kejeli kali kwa kanisa na wakati huohuo ni mojawapo ya hadithi nzuri za imani nilizosoma, na imeandikwa na mtu ambaye hakuwa nayo. Lugha yake lakini ni ngumu. Kiingereza cha Pratchett kimejaa mizaha ya maneno, na kitabu hakina sura hata moja, kwa hiyo hujui uishie wapi ulale. Cha Vonnegut kidato cha nne anakisoma bila kamusi.

Kanisa lisilo na Kristo

Wise Blood nakiweka peke yake kwa sababu ndicho cha ajabu kuliko vyote, na ndicho ambacho sijawahi kumkopesha mtu bila kujuta kidogo.

O'Connor alikuwa Mkatoliki wa kweli, wa misa na rozari, mkazi wa Georgia, kusini mwa Marekani, katikati ya walokole. Aliugua ugonjwa wa lupus na kufa mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Mhusika wake, Hazel Motes, ni mjukuu wa mhubiri, ametoka jeshini, hataki kumsikia Yesu. Hamtaki kiasi kwamba ananunua gari bovu la Essex kwa dola 40, anapanda juu ya boneti, na kuhubiri Kanisa lisilo na Kristo, ambako vipofu hawaoni, viwete hawatembei, na aliyekufa amekufa. Kila usiku anahubiri. Watu wanapita kwenda sinema.

Anayemwelewa ni tapeli mmoja, ambaye anaona hapa kuna biashara, anataka kila anayejiunga alipe dola moja. Hazel anamfukuza, tapeli anafungua kanisa la ushindani mtaa huohuo, anaajiri nabii anayefanana na Hazel, suti na kofia vilevile. Yeyote aliyeona spika mbili zikitazamana kwenye barabara moja, kila moja na mtume wake na mafuta yake ya upako, atacheka mpaka ashike mbavu. Kuna mhubiri kipofu ambaye si kipofu. Kuna kijana anayeiba maiti ndogo iliyokaushwa makumbusho ili iwe Yesu mpya.

Kisha inageuka. Hazel anayachukulia maneno yake kwa uzito ambao waumini wote waliomzunguka hawana, na mwili wake unalipa. Sitasema zaidi, ila kuna chokaa na kuna seng'enge. Mwandishi mwenyewe alikiita kitabu cha kuchekesha, na nadhani alimaanisha. Kwake mzaha si kwamba mtu anamwamini Mungu. Mzaha ni mtu anayekimbia na kila kona anayokata anakuta ameshafikiwa. Mtani wa damu kabisa huyu. Anayelala kaburini na hatoki hata akilipwa.

Kuna rafiki yangu mmoja, mpinga dini wa kutupwa, aliyeniambia vitabu vyangu vyote vinawasumbua waumini tu. Nikampa The Master and Margarita ya Mikhail Bulgakov, nje ya orodha. Shetani anafika Moscow ya Stalin, anawakuta wasomi wawili bustanini, mmoja akimweleza mwenzake kwa ushahidi kwamba Yesu hakuwahi kuishi. Baada ya muda mfupi msomi huyo anateleza kwenye mafuta ya alizeti na tramu inamkata kichwa, kama alivyotabiriwa. Bulgakov alikufa mwaka 1940 bila kukiona kimechapwa. Kilianza kutoka katika jarida mwaka 1966, kimekatwakatwa. Rafiki yangu anasema ni kitabu cha paka. Kuna paka, ni kweli, mkubwa kama nguruwe na anataka kulipa nauli.

Nani apewe ipi

Kama unasoma Kiswahili tu, jibu ni Shetani Msalabani na hakuna mjadala, na utafute wa kusoma naye. Kama umekulia misheni, Kristo wa Bomba atakusumbua kwa namna inayofaa. Kipo kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza kilitoka katika mfululizo wa African Writers wa Heinemann, kwa hiyo kwa wauza vitabu vya mitumba hukosi kukikuta kikiwa na jalada lililochanika. Usimpe mtu aliyepoteza mtoto wa kike kwa ukatili wa aina hiyo. Nilifanya kosa hilo mara moja.

Kwa mwenye imani ambaye anaogopa kitabu kitamnyang'anya, mpe Small Gods. Kwa asiye nayo na anayejisifu, Cat's Cradle, kisha umpe wiki moja ndipo umpigie simu. Wise Blood ni cha mtu ambaye dini imemuuma kweli, aliyewahi kuapa hataingia tena na bado anajua kila wimbo. Kwa wengine kitakuwa kituko tu. Shangazi hakupata hata kimoja kati ya hivyo viwili vya mwisho. Nilimpa tamthilia ya Wole Soyinka wa Nigeria, Masaibu ya Ndugu Jero, nabii wa ufukweni Lagos anayewaita waumini wake wateja na kumkimbia mwanamke anayemdai. Ni fupi, haimwagi damu, na ipo kwa Kiswahili. Aliimaliza jioni moja, akanipigia kusema anamjua Jero, na akanitajia mtaa.

Mjomba amesoma vitano vyote. Cha Beti alikirudisha na mstari wa penseli pembeni mwa maneno ya Zacharie. Cha O'Connor alikirudisha siku ya pili, hakutaka kukizungumzia. Cha kobe hajakirudisha mpaka leo, na Jumapili iliyopita, kapu lilipofika kwangu, aliniinamia akanong'ona: "Wangapi humu, unadhani?"